Sura ya 7: Kelele Nyuma ya Dashibodi

Chungulia ndani ya Land Rover 109 zilizobaki kwenye barabara zetu za vijijini, au Peugeot 504 inayopakia magunia ya viazi mnadani. Nyingi utazikuta mshale wa spidomita umelala kwenye sifuri hata gari likiwa mbioni. Ukidhani spidomita imekufa, mara nyingi utakuwa umekosea. Siku moja kebo ilianza kupiga kelele, kelele ikamchosha dereva, fundi akapenyeza mkono nyuma ya dashibodi, akafungua nati moja, na kelele ikaisha. Gari likarudi barabarani kimya. Tangu siku hiyo hakuna anayejua linakwenda kasi gani wala limetembea kilometa ngapi.

Sura hii naiandika kwa ajili ya nati hiyo moja. Kuifungua ni rahisi mno, na ndiyo maana watu wengi huishia hapo. Lakini gari la zamani lisilo na spidomita limepoteza vitu viwili kwa mkupuo. Cha kwanza ni kasi. Land Rover za Series zina breki za drami magurudumu yote manne. Ukiteremka Kitonga na mzigo, tofauti kati ya kilometa 40 na 55 kwa saa si jambo la kukisia kwa sikio. Mjini nako, Tanzania na Kenya, kikomo ni 50, na askari hana haja ya kujua kwamba kebo yako ilikuwa inakusumbua. Cha pili ni hesabu ya kilometa. Oili ya injini, oili ya giaboksi, grisi ya viungo vya propela, marekebisho ya valvu, vyote hufuata kilometa. Namba zikisimama, matunzo hugeuka kuwa jambo la kukumbuka-kumbuka, na gari la umri huo haliwezi kuishi kwa kukumbuka-kumbuka. Siku ya kuliuza, mnunuzi mwenye macho ataona namba zilizosimama na atashusha bei kwa haki.

Kwa hiyo kelele isizimwe. Ifuatwe mpaka inakotoka. Ukiifuata utakuta kazi yenyewe ni ya nusu siku, haihitaji vifaa vya gharama, na mara nyingi haihitaji hata kipuri kipya.

Tuanze na jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, kwa sababu anayeielewa kazi ya kebo hatadanganywa na sauti yake.

Spidomita ya mshale tunayoijua ilitokana na hataza aliyoipata Otto Schultze mwaka 1902. Alikuwa mtu wa Strasbourg, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani. Wazo lake lilikuwa zuri kiasi kwamba magari ya karibu dunia nzima yalilitumia kwa miongo mingi bila kulibadilisha sana. Kwenye giaboksi, au mahali pengine panapozunguka kulingana na magurudumu, kuna gia ndogo inayozungusha waya. Waya huo unapanda ndani ya ganda hadi nyuma ya mita, na kule unazungusha sumaku. Sumaku imezungukwa na kikombe chepesi cha alumini. Havigusani. Alumini haivutwi na sumaku kama chuma kinavyovutwa, lakini sumaku inapozunguka karibu nayo huzusha mikondo ya umeme ndani ya alumini yenyewe, na mikondo hiyo huzaa nguvu inayokiburuta kikombe kifuate mzunguko wa sumaku. Kikombe kingezunguka bila kikomo kama si springi nyembamba ya mviringo inayokirudisha nyuma. Mahali ambapo mburuto wa sumaku na ukinzani wa springi vinalingana ndipo kikombe kinaposimama, na mshale umefungwa kwenye ekseli ya kikombe hicho hicho. Gari likiongeza kasi maradufu, mburuto nao huongezeka maradufu. Ndiyo sababu namba kwenye uso wa mita zimepangwa kwa nafasi sawa.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu lina maana kubwa kwa fundi. Ndani ya mita, kinachoonyesha kasi hakiguswi na kinachokiendesha. Hakuna msuguano kati ya sumaku na kikombe, hivyo hakuna cha kupaka mafuta pale, na mafuta yakifika pale ni uharibifu. Panapohitaji mafuta ni kwenye bushi moja inayoibeba ekseli ya sumaku, chini kabisa, karibu na kebo inapoingia.

Hesabu ya kilometa hutoka kwenye ekseli hiyo hiyo, kupitia gia ndogo zinazosukuma magurudumu ya namba. Hapa fundi anapata kipimo cha bure. Kama mshale umekufa na namba zimekufa, tatizo liko kwenye kebo au kwenye gia inayoiendesha. Kama namba zinahesabu lakini mshale haunyanyuki, kebo ni nzima. Ugonjwa uko kwenye kikombe au springi. Kama mshale unafanya kazi na namba zimesimama, gia za namba zimechoka. Swali hilo moja, kabla ya kushika spana, linaokoa muda mwingi.

Sasa waya wenyewe. Si waya mmoja mnene. Ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likielekea upande wa kinyume na lililo chini yake, ili waya uweze kupinda na papo hapo usafirishe mzunguko bila kufumuka. Ncha zake zimebanwa zikawa za pembe nne, zipate kuingia kwenye tundu la gia upande mmoja na tundu la sumaku upande wa pili. Kazi yake si ndogo. Mita nyingi za Kijapani zimepimwa kwa mizunguko 637 kwa kila kilometa. Za Kimarekani kwa mizunguko 1,000 kwa maili, yaani kama 621 kwa kilometa. Gari la Kijapani likitoka Dar es Salaam hadi Morogoro, mwendo wa takriban kilometa 190, waya huo umezunguka zaidi ya mara 120,000 ndani ya ganda lake. Ukiwa mkavu, au umeingia vumbi, utasema.

Na unasema kwa sauti zinazotofautiana, kila moja na maana yake.

Sauti ya tik-tik-tik inayoongezeka kasi kadiri gari linavyokwenda, pamoja na mshale unaorukaruka, hasa kati ya kilometa 20 na 50 kwa saa, ni dalili ya waya unaokwama na kujiachia. Giaboksi inaendelea kuzungusha ncha ya chini, lakini katikati waya umeshikwa na grisi iliyoganda au kona kali ya ganda. Unajisokota kama kamba ya pembea ambayo watoto wameisokota kwa makusudi, kisha unajifumua ghafla. Kila unapojifumua, ncha ya juu inaruka, na mshale unaruka nayo. Gari likishika kasi kubwa, mruko huo mara nyingi hutulia kwa sababu waya hauna tena nafasi ya kukwama, na hapo dereva hudhani tatizo limejiponya.

Kulia kwa sauti nyembamba na kali, mlio unaokera meno, kwa kawaida hakutoki kwenye waya. Hutoka kwenye bushi ya mita iliyokauka. Mlio huu hupenda baridi. Magari ya Njombe, Makete, Limuru au Kijabe hulia sana asubuhi za Juni na Julai, kisha hunyamaza jua likipanda. Ukiusikia huo, usingoje. Bushi kavu hushika ekseli. Ekseli ikishikwa, mshale unaweza kurushwa hadi mwisho wa namba gari likiwa linajikokota tu, na siku ekseli ikigoma kabisa waya utakatika au gia ya plastiki kule chini itanyolewa meno. Tone moja la mafuta lililokosekana juu linaweza kuvunja kitu mita mbili chini yake.

Kukwaruza kwa sauti nzito, isiyobadilika sana, ni waya unaosugua ganda lililopondeka au lililoyeyuka kwa kugusa bomba la moshi. Hilo halina dawa ya grisi.

Kabla ya kuilaumu kebo, hakikisha ni yenyewe. Simamisha gari, weka gia huru, kanyaga mafuta. Kama kelele inapanda na injini, si ya spidomita. Kebo haijui mzunguko wa injini. Inajua mwendo wa gari tu. Kisha endesha taratibu mahali tambarare, uweke gia huru gari likiwa bado linateleza kwenye tambarare hiyo. Kelele ya kebo itaendelea na kushuka pamoja na mwendo. Beringi ya gurudumu nayo hufanya hivyo, lakini beringi hubadilisha sauti unapokata kona upande mmoja na mwingine, na hutokea chini, si usoni mwako.

Mazungumzo mazuri gerejini huwa na sura hii.

“Shikamoo, mzee. Leo limekuwaje?”

“Marahaba, mwanangu. Kuna kitu kinalia hapa nyuma ya mita.”

“Likisimama linalia?”

“Hapana, likitembea tu. Asubuhi ndiyo zaidi. Tukifika barabara ya lami jua limeshatoka, kinapungua.”

“Mshale je, mzee, unacheza?”

“Hauchezi. Umetulia vizuri.”

Fundi aliyeuliza hivyo ameshajua aanzie wapi, na hajafungua boneti. Mlio wa baridi na mshale uliotulia vinaelekeza kwenye bushi ya mita. Fundi asiyeuliza atamwaga oili kwenye kebo, mlio utanyamaza wiki mbili, kisha matatizo mapya yatafuata, na nitaeleza kwa nini.

Kipimo cha uhakika ni kutenganisha. Toa waya wa hasi wa betri kwanza, kwa sababu nyuma ya mita za zamani kuna nyaya zilizoanza kupasuka plastiki, na ganda la kebo ni chuma. Vikigusana vinaweza kuanzisha moto. Kwenye Land Rover Series II mita ziko katikati ya dashibodi. Kwenye Series III ziko mbele ya dereva. Zote mbili, paneli hufunguliwa kwa skrubu chache ikavutwa mbele kiasi cha mkono kupita. Nati ya kebo ina meno ya kushikwa kwa vidole. Isiwe ya kubanwa na plaizi, wakati wa kufungua wala wa kufunga. Nyuma ya mita chuma ni laini na uzi wake huharibika upesi. Ikishatoka, funga ncha ya kebo mahali isipoweza kuangukia miguuni kwa dereva au kwenye nyaya, funika ncha yake ya chuma kwa mpira, rudisha betri, uendeshe mwendo mfupi. Kelele ikibaki, ni ya kebo. Ikipotea, mita ndiyo inayolia. Mafundi wengine huinua gari kwa jeki na kuzungusha magurudumu kwa injini ili wasikilize wakiwa wamesimama. Siupendi mtindo huo. Gari linalozungusha magurudumu juu ya jeki limeua watu, na mwendo wa dakika tano barabarani unatoa jibu lile lile.

Nikiwa hapo kwenye jeki, kuna jambo la Land Rover za Series ambalo kila anayelala chini yake lazima alijue. Hendibreki yake haiko kwenye magurudumu. Iko kwenye drami nyuma ya transfa, na hushika propela ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaruhusu gurudumu hilo kuzunguka, na gari linaweza kuondoka juu ya jeki ingawa umevuta hendibreki mpaka mwisho. Weka mawe au vigingi mbele na nyuma ya magurudumu mawili, kila mara. Kwa kazi ya kebo, afadhali usiinue kabisa. Gari hilo lina nafasi ya kutosha chini yake.

Kebo yake inaanzia hapo hapo nyuma ya transfa, kwenye nyumba ndogo inayokaa kati ya transfa na drami ya hendibreki. Ndani yake, gia ya parafujo kwenye shafti ya nyuma inazungusha gia ndogo, na gia ndogo inazungusha waya. Unapofungua kibano cha kebo, angalia unachokiona kabla ya kupangusa. Matope makavu ni kawaida. Ncha ya waya ikiwa inachuruzika oili nyepesi ya giaboksi, sili ya gia ndogo imekwisha, na hapo kuna habari mbaya kidogo: nyuzi za waya zimesokotwa, na msokoto unaozunguka hupandisha oili. Kilometa baada ya kilometa oili inapanda ndani ya ganda mpaka inafika kwenye mita, inaingia kati ya sumaku na kikombe, mshale unaanza kusoma zaidi ya kasi halisi au kung’ang’ania mahali pamoja, na kioo kinapata ukungu wa mafuta. Mtu aliyepaka oili ya injini kwenye kebo ili “ilainike” ameianzisha safari hiyo kwa mkono wake. Tena ukiona oili imelowanisha na drami, sili kubwa ya shafti nayo inavuja. Viatu vya hendibreki vitakuwa vimelowa, na kazi ya sili hiyo, inayotaka propela na drami vitoke, inatangulia kazi ya kebo.

Sasa vuta waya wa ndani. Kwenye kebo nyingi za zamani unatoka kwa upande wa juu. Nyingine zina pete iliyobanwa karibu na ncha moja, hivyo waya hutoka upande mmoja tu; usilazimishe. Na kuna kebo za baadaye ambazo waya wake umefungiwa moja kwa moja ndani ya ganda. Hizo hazisafishwi, hubadilishwa nzima.

Ukaguzi wa waya ndio moyo wa kazi hii, na ndio unaorukwa zaidi. Upanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ukivuta taratibu kutoka ncha hadi ncha. Kitambaa kikinaswa, kuna uzi umekatika. Waya huo umekwisha, hata kama ni uzi mmoja. Kisha uulaze juu ya meza iliyonyooka, uuviringishe kwa kiganja. Waya mzima huviringika bila kunyanyuka. Wenye kona iliyokufa utadunda kila mzunguko, na ndani ya ganda utadunda vivyo hivyo mara mia kadhaa kwa dakika. Mwisho, ushike ncha zote mbili, uuache katikati uning’inie kwa upinde mpana, uzungushe ncha moja kwa vidole. Ncha ya pili inapaswa kufuata pole pole, bila kusita na kuruka. Ikisita, usijaribu kuunyoosha kwa nyundo. Nimeona wanaofanya hivyo. Waya unanyooka machoni tu. Angalia pia pembe nne za ncha. Zikiwa zimeviringika, zitateleza ndani ya tundu lake, na hilo hutoa ule mshale unaofanya kazi leo na kugoma kesho.

Ganda nalo lina ukaguzi wake. Lipitishie vidole urefu wote ukitafuta palipopondwa, palipoyeyuka, na mahali plastiki ya nje imepasuka. Vumbi letu jekundu la barabara za murram likiingia hapo na kukutana na grisi huwa dawa ya kusagia chuma. Pwani ni maji ya chumvi, na ndani unakuta kutu. Mimina mafuta ya taa ndani yake ukiwa umeliinamisha, lifute kwa kupulizia hewa ya kompresa, rudia mpaka kinachotoka ni safi, kisha litundike likauke vizuri. Ukipaka grisi juu ya mafuta ya taa yaliyobaki, umeyeyusha grisi yako mwenyewe.

Grisi iwe laini, na iwe kidogo. Grisi ya grafiti ni nzuri sana kwa kazi hii. Ya lithiamu iliyo laini inafaa pia. Grisi nzito ya kupakia beringi za magurudumu haifai, maana asubuhi ya baridi hushika waya na kurudisha ule ule mruko uliokuwa unaukimbia. Paka utando mwembamba kwenye sehemu ya chini na ya katikati ya waya, uuingize huku unauzungusha ili grisi ienee. Ukishaingia wote, uvute tena nje kama sentimita 20 kutoka upande wa mita, uipanguse sehemu hiyo iwe kavu, kisha uirudishe. Vitabu vya gereji vya magari ya Kiingereza vilisisitiza hatua hii, na vilikuwa na sababu: kilichopakwa karibu na mita kitaishia ndani ya mita.

Kama mita ndiyo iliyokuwa inalia, itoe kabisa, uigeuze kichwa chini, miguu juu, yaani kishina cha kebo kielekee dari. Karibu na bushi, kwenye mita nyingi, utaona tundu dogo au kipande cha sufi kilichowekwa kubeba mafuta. Tone moja la mafuta ya cherehani. Subiri linyonywe, ukiweza uiache hivyo mpaka kesho yake. Kata kipande kifupi cha waya wa kebo ya zamani chenye ncha nzima, ukiingize, uzungushe kwa vidole upande unaonyanyua mshale. Ukiuzungusha upande wa pili, mshale unasukumwa dhidi ya kizuizi cha sifuri, kama inavyotokea gari likirudi nyuma. Ekseli ikizunguka laini na bila sauti, mita yako imepona. Ikiwa bado inashika, au inayumba ndani ya bushi, mpe fundi wa mita, kwa sababu kufungua uso wake na kugusa mshale bila kujua ni kuharibu springi ambayo hutaipata dukani.

Kurudisha kebo ni kazi ya njia. Waya hauugui sana kwa kuzeeka kama unavyougua kwa kona. Kanuni ya zamani inasema upinde wowote usiwe na nusu kipenyo chini ya sentimita 15, na karibu na mita kebo iende imenyooka kwa inchi mbili tatu kabla ya kupinda. Kebo nyingi ninazoziona zimepindwa kwa sababu mtu alifunga redio, au alipitisha nyaya za taa za ziada, akaisukuma kando. Rudisha mpira wa tundu inapopita kwenye ukuta wa injini, rudisha klipu zote za chesi. Klipu moja iliyokosekana chini inaiacha kebo ianguke kwenye bomba la moshi, na umerudi mwanzo. Ncha ya pembe nne lazima iingie kwenye tundu lake kabla ya kukaza nati. Zungusha kidogo mpaka uisikie imekaa. Ukikaza nati ili iisukume iingie, umeponda bushi uliyoipa mafuta jana.

Magari mengine yana vituko vyake, ingawa kazi ni ile ile. Kwenye Volkswagen Kobe waya hauendi kwenye giaboksi kabisa. Unaishia kwenye gurudumu la mbele: ncha yake ya pembe nne inapita katikati ya ekseli ya gurudumu, inatokeza kwenye kifuniko cha grisi, na kufungwa hapo kwa pini au klipu ndogo. Kwa hiyo ukikuta Kobe mshale wake umekufa, angalia kifuniko hicho kwanza. Mara nyingi pini imeanguka, au aliyebadilisha beringi aliweka kifuniko kisicho na tundu. Toyota nyingi za miaka ya 1970 na 1980, Corolla, Hilux na Land Cruiser, zina gia ndogo ya kuchomoa ubavuni mwa giaboksi au transfa, imeshikwa na boliti moja, na pete ya mpira inayozuia oili. Badilisha pete hiyo kila unapofungua, ni kitu cha bei ndogo sana. Angalia meno ya gia kabla ya kuirudisha.

Ukilazimika kununua, nenda na ile ya zamani mkononi, iwe Gerezani au Kirinyaga Road. Usitaje jina la gari ukategemea muuzaji ajue. Linganisha urefu wa ganda, urefu wa waya unaotokeza pande zote mbili, unene wa pembe nne na uzi wa nati. Kebo ndefu mno italazimisha kona. Fupi mno itavutika kila injini inapotikisika na kung’oa nati. Ukiwekewa kwenye mfuko, usikubali ikunjwe ikawa duara dogo.

Oktoba 2024 Land Rover zilipokusanyika Arusha kwa mamia, ilionekana wazi jinsi watu wanavyozipenda na kuzirejesha kwa vipuri vya kuokoteza: bodi ya hili, dashibodi ya lile. Hapo ndipo ninapotaka kuongeza tahadhari ambayo haihusu kelele. Land Rover 88 ilitoka kiwandani na matairi ya 6.00-16, na 109 na 7.50-16. Tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilometa, takriban sehemu moja kwa kumi, kwa hiyo mita za magari hayo mawili hazilingani. Kwenye mita za Smiths utaona namba ndogo chini ya uso wake inayoonyesha mizunguko kwa maili au kwa kilometa. Soma hiyo, si umbo la nje, kwa sababu kwa umbo zinaingiliana bila shida. Mita ya 88 ikifungwa kwenye 109 itasoma pungufu. Dereva ataona 80, ilhali gari liko karibu na 90.

Baada ya kufunga kila kitu, tafuta barabara yenye nguzo za kilometa, mtu mwingine akushikie saa. Shika 60 na usibadilishe: kilometa moja inapaswa kuchukua sekunde 60. Kwa 80 ni sekunde 45. Pima nguzo tatu au nne mfululizo, maana moja moja huwa zimehamishwa na watengeneza barabara. Mita za zamani nyingi husoma juu kidogo ya kasi halisi, na hilo halina madhara. Ikisoma chini, angalia namba ya mita na ukubwa wa matairi, na wakati unatafuta mita sahihi andika kasi za kweli kwenye karatasi uibandike kando yake, ili na mwingine atakayeliendesha gari hilo azione.